Walinitoa Kizazi

Shangazi wa mume wangu alikuwa na masikio mazito, na siku ile masikio hayo ndiyo yaliyotuletea kelele. Nilikuwa nimelazwa hospitalini Kasongo, tumbo limefungwa bandeji, midomo imekauka kama ganda la muhogo. Muuguzi alitoka barazani kuwaeleza ndugu wa mume wangu waliokuwa wakingoja. Mlango ulibaki wazi. Nilimsikia akisema polepole, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye tope.

"Mutoto hakupona. Mama atapona. Ila ilibidi docta amutoshe kizazi."

Inanibidi nilieleze neno hilo mapema, kwa sababu habari yote ninayosimulia imesimama juu yake. Kutosha, kwetu, ni kutoa. Na kizazi ni ile nyumba ya mtoto iliyo ndani ya mwanamke. Hiyo ndiyo muuguzi aliyokuwa akiitaja. Lakini kizazi ni ukoo pia, watu waliokutangulia na watakaokufuata. Shangazi hakusikia maana ya kwanza. Alisikia ya pili.

"Amutoshe mu kizazi?" akafoka. "Nani alimupa ruhusa? Huyu mwanamuke tulimuoa siye! Docta ni nani mu jamaa yetu hata atoshe mutu mu kizazi ya wenyewe?"

Muuguzi akajaribu kufafanua. Shangazi akamwambia aende amwite huyo docta, aje kwanza aonyeshe kwao ni wapi. Nilisikia watu wakicheka na wengine wakilia. Mimi kitandani nikacheka pia, mshono ukanichoma, halafu nikalia kwa ajili ya mtoto. Alikuwa wa kiume. Sikumwona, walikuwa wamekwisha kumzika. Nasema wazi kwamba jambo hilo linaniuma mpaka leo, na wale wanaoniambia nimshukuru Mungu ninyamaze, nawaomba wanyamaze wao.

Wakati ule tulikuwa tukiishi Lusangi. Mume wangu analima mpunga na karanga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Uchungu uliponishika tulipanda pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, mume wangu nyuma amenishikilia, na barabara ile wanaoijua wanaijua. Mahali pengine ilitubidi tushuke tutembee, mimi nikiwa katika hali ile. Tulipofika Kasongo hapakuwa tena na la kuchagua. Daktari aliokoa kilichoweza kuokolewa, yaani mimi, na sijawahi kumlaumu. Ninaowalaumu ni wale walioniona nimerudi mzima wakaniita nusu.

Kwa maana haukupita muda nikagundua kwamba shangazi hakuwa amekosea sana. Alikuwa amewahi tu. Daktari alinitoa kizazi kimoja, na watu wa nyumbani wakaanza kunitoa katika kile kingine.

Msimu wa karanga ulipofika nilijifunga kikwembe changu kiunoni, nikachukua jembe, nikaenda shambani pamoja na wanawake wa ukoo wa mume wangu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akigawa mbegu. Aliponifikia, akakirudisha kikapu kifuani kwake.

"Weye pumuzika," akaniambia. "Utatupikia sombe."

"Mama, niko na nguvu. Nimepona."

"Si nguvu, mwanangu. Mbegu inaogopa mukono ya mutu asiye na kizazi."

Nikarudi nyumbani nikatwanga majani ya muhogo, nikapika sombe kama nilivyoagizwa, nikaitia pilipili mpaka wakaila huku wakifuta machozi. Kisha nikaomba shuleni kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, nikapanda karanga zangu kwa mikono yangu hii hii inayoogopwa na mbegu. Zilizaa. Nilijaza kikapu nikakiweka mlangoni kwa mama mkwe. Hakuniita tena shambani kwake, lakini karanga alizila zote, na kikapu alikirudisha kimeoshwa.

Mtoto alikuja baada ya mavuno hayo. Mdogo wa mume wangu alikuwa amefiwa na mke, akabaki na binti ambaye alikuwa bado anatambaa. Akamleta kwetu. Alisema anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, atarudi karibuni. Tulikuja kusikia ana nyumba nyingine upande wa ziwa. Binti yule alifika ana homa, ananuka moshi, na hakukubali kuwekwa chini. Ukimweka chini, analia mpaka sauti inakatika. Basi sikumweka chini. Nilifundisha naye mgongoni, nilitwanga naye mgongoni, nilikwenda kanisani naye mgongoni, na siku padri alipohubiri kwa muda mrefu tulilala sote wawili. Watu wa pwani wana methali yao, aso mwana aeleke jiwe. Mimi jiwe sikulihitaji.

Ukoo ulisema nimeazimwa mtoto. Aliyelisema hilo kwa sauti kuliko wote alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la chumvi na sabuni pale Kabambare. Yeye ndiye msemaji wa ukoo. Mtu akifa, anasema. Mtu akioa, anasema. Hata mvua ikichelewa ana la kusema. "Mutoto wa kuazima anarudishwa," alikuwa akimwambia mume wangu kila tulipokutana. Mimi nilikuwa nikimwuliza anarudishwa kwa nani, naye alikuwa akitazama mahali pengine.

Baadaye nikapata kazi katika shule moja ya Kasongo, tukahama, mume wangu akapata shamba la mpunga nje kidogo ya mji. Nilipewa kalasi ya pili. Kwetu watoto wadogo huanza kusoma kwa Kiswahili, Kifaransa kinawangoja mbele kama mwalimu mkali. Siku moja nilikuwa nikifundisha sauti ya za, nikaandika ubaoni: zaa, zao, mzazi, kizazi. Niliandika hilo la mwisho bila kufikiri, kisha nikabaki nimeshika chaki nalitazama.

Binti mmoja mwenye meno ya mbele yaliyong'oka akanyanyua mkono. "Mwalimu, mupapai inazaa. Iko na kizazi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia swali lake ni zuri na jibu lake sinalo, nikawapa kazi ya kuchora mpapai, nikaenda kukaa kwenye kiti changu.

Tangu siku hiyo neno lile halikuniacha. Zaa! Mpapai huzaa, mbuzi huzaa, karanga huzaa, uongo huzaa uongo mwenzake. Kutoka humo tunapata mazao ya shamba, tunapata uzazi, tunapata mzazi. Ukitia ki- mbele unapata kizazi, na humo wamesongamana wote: nyumba ya mtoto, nguvu ya kuzaa, watoto na watoto wa watoto, hata watu wa rika moja, wale tunaowaita kizazi cha leo na kuwasema vibaya. Kulea nako kuna jamaa yake. Kuna mlezi, kuna malezi, kuna ulezi. Lakini kilezi? Nililitafuta neno hilo kama mtu aliyeangusha sindano ndani ya mchele. Nilimwuliza mwalimu mwenzangu, nikamwuliza katekista, nikafungua kamusi ya shule ambayo imekatika jalada. Halipo. Aliyezaa ana neno la kuwaita wote waliotoka kwake. Aliyelea ana jina la kazi tu, kama fundi cherehani, na waliotoka mikononi mwake hawana jina la pamoja.

Nilikasirika. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuikasirikia sarufi, lakini mimi niliikasirikia kwa majuma. Na msiniletee ile ya kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Naijua. Watu wanaipenda sana methali hiyo kwenye harusi, wanaitikia kwa vichwa, mpaka ifike saa ya kugawa mbuzi.

Halafu nikajiuliza neno lenyewe limetoka wapi, maana hapa halikuzaliwa. Wazimba wana neno lao, Wabangubangu wana lao, na mama mkwe akiomba dua hutumia lile la nyumbani. Kiswahili kilifika Kasongo kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa kamba. Katika misafara ile walikuwamo watoto waliokuwa hawajui tena mama zao walikuwa wa kijiji gani. Bibi yake baba yangu alikuwa mmoja wao. Aliletwa mdogo kutoka ng'ambo ya mto, na hakuna anayejua ni ng'ambo ipi, kwa maana mto ni mrefu. Mwanamke mmoja wa Kasongo alimchukua, akamlisha, akamfundisha lugha hii ya wageni. Sisi wote wa upande wa baba, ambao siku ya Pasaka tunajaza mabenchi ya upande mzima wa kanisa, tunajihesabu kuanzia kwa mwanamke huyo. Tunamtaja kwenye vilio. Sijawahi kusikia mtu akisimama kuuliza kama tumboni alikuwa na kizazi au hakuwa nacho.

Ndivyo nilivyofikia kuamua. Neno kizazi lilikuja hapa mdomoni mwa watu ambao wengi wao walikuwa wamenyang'anywa vizazi vyao. Halikuzaliwa hapa, lililelewa hapa, na leo kila mtu analiita lake. Basi sitangoja watu waniundie neno kilezi. Nitachukua hili lililopo, nalo litanitosha. Nilimwambia mume wangu hivyo wakati tukila. Akasema, "Sawa, mama," akaomba chumvi. Mume wangu ni mtu mwema, ila mambo ya maneno huniachia mimi.

Binti akakua. Akajifunza kushona, akapata mchumba, mkulima wa kule Wamaza, kijana wa maneno machache ambaye siku ya kwanza alikuja na jogoo kwapani na akasahau kutuambia kwamba ametuletea. Jogoo alikaa naye mpaka anaaga. Nilimpenda kwa hilo. Wazee wakazungumza, siku ya mahari ikapangwa, na kwa kuwa shemeji ndiye msemaji wa ukoo, ikasemwa mahari itapokelewa nyumbani kwake Kabambare.

Katika ukoo wa mume wangu kila kitu cha mahari kina mwenyewe. Kuna mbuzi wa baba, kuna jembe la mjomba, na kuna kikwembe cha tumbo. Hicho ni cha mama. Watu wa upande wa mume hukileta kikiwa kipya, kimekunjwa, na mwanamke wao mkubwa hukinyanyua mbele ya wote na kuuliza tumbo liko wapi. Mama wa binti husimama, anafungwa kile kikwembe kiunoni, vigelegele vinapigwa. Baada ya hapo hakuna wa kuuliza tena mtoto huyu ni wa nani. Nilikitaka kikwembe hicho. Si kwa ajili ya kitambaa, vitambaa ninavyo. Nilitaka kusimama pale nikionekana, niitwe mama yake mbele ya wale walioniambia nimeazimwa.

Tulifika Kabambare siku moja kabla, tumechafuka tope mpaka kwenye nyusi. Shemeji alituketisha barazani kwa duka lake, akatupa maji ya kunywa, akasafisha koo.

"Bibi ya mudogo wangu, siye tunakuheshimu," akasema. "Mutoto umemulisha, umemusomesha. Aksanti. Lakini kesho, kikwembe ya tumbo atafungwa bibi yangu. Hii kitu haikae kwa mutu asiye na kizazi."

Mkewe, ndiye huyo bibi aliyemtaja, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Ni mwanamke mpole, amezaa watoto wengi, na hajawahi kunikosea. Aliinamisha kichwa karibu kabisa na ungo.

"Shemeji," nikasema, "hili neno kizazi, ni weye uliizaa?"

"Unasema?"

"Nauliza. Marehemu nyanya yako aliongea Kibangubangu. Hii neno haikutoka mu mudomo yake. Ilikuja na wageni, ikalelewa hapa, na leo unaipigania sawa ile umeitosha mu tumbo yako mwenyewe."

"Mwalimu, hapa si mu kalasi."

"Najua. Mu kalasi watoto wanasikiliza."

Mume wangu akakohoa. Mbele ya kaka yake wema wake huwa unaishia kooni. Shemeji hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtu asiyekasirika ana silaha nyingine. Akasogeza kiti chake karibu nami, akashusha sauti.

"Sisemi kwa ubaya. Ukifungwa kile kikwembe, tumbo ya mutoto itafunga sawa na yako. Wazee walisema hivyo. Unamupenda mutoto ao humupendi?"

Aliniweza. Mimi siamini jambo hilo. Nilipanda karanga zikazaa, nimeona kwa macho yangu. Lakini kutoamini jambo juu ya tumbo lako ni rahisi. Juu ya tumbo la mtoto wako, imani inakuja yenyewe na kukaa bila kukaribishwa. Niliondoka barazani.

Nilimkuta binti nyuma ya nyumba anachambua mchele wa kesho. Nikaketi, nikavuta ungo mwingine. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Nikamwambia, "Ukitaka nikae, nitakaa. Sitakasirika."

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Mama, tunachagua muchele. Tuchague muchele."

Nilielewa kwamba hatanibebea uamuzi huo, na nilimkasirikia kidogo, na pia nilijua kabisa ni nani aliyemfundisha kuwa hivyo.

Siku ya pili wageni wa Wamaza walifika na pikipiki zao, mbuzi wamefungwa nyuma, mmoja wa mbuzi akiwa amelala usingizi kama abiria aliyelipa. Watu walijaa uani. Mbuzi wa baba akatolewa, jembe likatolewa, shemeji akasema, akasema tena. Kisha akasimama bibi mmoja wa Wamaza, shangazi wa yule kijana, mrefu, mwenye kilemba cheupe. Akanyanyua kitambaa cha buluu chenye maua ya njano.

"Kikwembe ya tumbo ni hii," akasema. "Tumbo iliyobeba mutoto wetu iko wapi?"

Mke wa shemeji akasimama. Na mimi nikasimama.

Wote wakageuka. Hata watoto waliokuwa wakigombania kivuli waliacha. Yule bibi alitazama huku, akatazama kule, kikwembe kikining'inia mikononi mwake.

"Wamama wawili?" akauliza.

Shemeji akafungua mdomo. Nikawahi.

"Tumbo iliyomubeba iko mu udongo," nikasema. "Mungu amurehemu mwenyewe. Kati yetu wawili hapa hakuna aliyemubeba mu tumbo, si miye, si huyu yaya, mukubwa wangu. Kama munatafuta tumbo, muende mu makaburi. Yangu waliitosha pale Kasongo, kila mutu anajua, hamuna haja ya kunongona. Lakini kama munauliza nani alimubeba, mugongo ni huu."

Nikageuka nikawapa mgongo. Kwetu huwapi wakwe mgongo. Ni tusi. Niliwapa, nikabaki hivyo, nikitazama ukuta wa duka la shemeji na matofali yake. Nilisikia kiti kikilia. Mke wa shemeji alikuwa ameketi chini, na nadhani aliketi kwa furaha. Nilisikia shemeji akisema hii haijaonekana, akasema mambo yanaharibika, akataka mahari isimame. Kisha nikasikia nyayo zikija nyuma yangu polepole.

"Kama ni mugongo, ni mugongo," sauti ya yule bibi ikasema, na akanitupia kikwembe mgongoni, akakizungusha chini ya makwapa yangu na kukifunga kifuani kwa fundo lile la kumfungia mtoto. Alikaza kweli. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele peke yake, kisha wa pili, kisha uani kote.

Shemeji akaingia ndani ya duka lake akafunga mlango. Alitazamia mdogo wake amfuate. Mume wangu hakuinuka kwenye kiti. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Ningependa kuishia hapo, kwenye vigelegele, lakini mambo hayakuishia hapo. Mpunga ulipandwa ukavunwa, ukapandwa tena ukavunwa tena, na binti yangu hakushika mimba. Habari zilikuwa zikinifikia kwa pikipiki kama chumvi na betri. Kabambare wanasema tulikuambia. Wamaza wanasema ni mkono wa yule mwalimu. Mke wa mtu fulani sokoni aliniuliza kwa huruma ya uongo kama binti bado yuko "vilevile." Nikamwuliza kama mume wake bado yuko vilevile, kwa sababu yule mume anajulikana. Niliwajibu wote hivyo. Sikumbakiza mtu. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa nikikaa kitandani, nikilitazama sanduku ambamo kile kikwembe cha buluu kimekunjwa, na kusema kweli niliogopa. Niliogopa kwamba wajinga wanaweza kuwa na haki kwa bahati mbaya.

Juzi, siku ya Jumamosi, pikipiki ikasimama mbele ya nyumba yetu na binti akashuka. Amekonda kidogo. Alinisalimu, akanisaidia kubeba maji, akaketi karibu nami akaanza kuchuma majani ya sombe kutoka kwenye vikonyo, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Mwishowe akasema.

"Mama, wazee walikaa. Baba mukubwa alitoka Kabambare akaja mpaka Wamaza. Wanasema kikwembe itoshwe kwako, ipelekwe Kabambare, afungwe mama mukubwa, wachinje mbuzi. Ndipo tumbo yangu itafunguka. Walinituma."

Sikumwacha amalize. Mimi sina subira, wala sijawahi kusema ninayo. Niliinuka, nikaingia chumbani, nikafungua sanduku. Niliwaza maneno yote niliyomwambia shemeji, na mgongo wangu niliowapa wakwe, na nikaona kwamba naweza kuwakatalia watu wote wa Kabambare na Wamaza na Kasongo, mmoja mmoja au wakiwa pamoja, wakija na mbuzi au wakija na fimbo, lakini mtu huyu mmoja siwezi. Nikatoka na kikwembe, nikakiweka magotini kwake juu ya majani ya sombe.

"Chukua," nikasema. "Wao hawana haki, na uwaambie nimesema hawana haki. Lakini kama iko na nafasi hata kidogo, chukua, mwanangu. Weye siwezi kukunyima kitu."

Akakitazama. Akakikung'uta majani, akakikunja upya vizuri kwa mikono yake ya kushona, pembe juu ya pembe. Kisha akanyanyuka akakirudisha begani kwangu.

"Weye huachi mutu amalize," akasema. "Sikuja kuichukua. Nilikuja kukuambia vile niliwajibu."

"Uliwajibu nini?"

"Mama mukwe wangu aliniuliza mbele ya wote: mutoto, tuambie kweli, weye uko na kizazi ao hauna?" Akaketi tena, akavuta majani yake. "Nikamwambia niko nayo. Iko Kasongo, inafundisha kalasi ya pili."